Katwe: niende mwezi gani?

Habari wadau. Nataka kuona chumvi ikivunwa Katwe, kwenye ziwa la chumvi magharibi mwa Uganda, kisha nirudi msimu mwingine. Nipange vipi?

Jibu 1
Ndugu, nenda Januari–Februari au Julai–Agosti. Jua likiwaka, maji ya vidimbwi hukauka na juu hutanda ngozi nyeupe, nyembamba kama ya maziwa yaliyopoa. Mvua kubwa moja tu huizimua, wavunaji wakasubiri jua upya. Aprili utakuta matope. Fika asubuhi; mchana joto na harufu ya mayai viza vinachosha. Vaa viatu vilivyofunika vidole: magadi yakigusa kidonda utaruka!

Jibu 2
Nyongeza: wanaume huingia ziwani kung'oa chumvi ya mawe, ile ya kijivu ya kulambisha ng'ombe. Muulize kwanza kabla ya kumpiga mtu picha.

Safari ya pili iwe Oktoba, kwa ajili ya heroe (flamingo) wa Ziwa Munyanyange, hapo jirani. Chumvi itakuwa kidogo, lakini vilima vya kreta ni kijani kibichi.

Jibu 3
Boda ya usiku usithubutu. Barabara inapita hifadhini, na tembo hawana taa.