Kikundi: Ukoo wa Bi Mwanakombo, Nrb na Msa

Jumapili

Da Zaina 19:02
Assalam alaikum wote. Fatma na Khalfan wanahamia huku na watoto. Nyumba imepatikana Umoja, ghorofa ya tatu. Lori linapakia Mombasa Ijumaa usiku, linaingia Nairobi Jumamosi ya mwisho ya Juni. Nataka kila mmoja aseme atasaidia nini. Leo, si kesho.

Da Zaina 19:04
Kinachotakiwa: watu wanne wa kupokea lori, mablanketi mazito matano, pipa la maji, na mchango wa kumalizia kodi na amana. Hadija, Juma, Bakari, nawaona mko mtandaoni.

Da Zaina 19:37
Tiki za buluu zimejaa, majibu hamna.

Bakari 19:39
Waalaikum salam Da Zaina. Mimi nitasimama chini niwaelekeze wabebaji. Kushoto kidogo, kushoto kidogo, hapo hapo 😂

Da Zaina 19:39
Utabeba jokofu.

Hadija 19:52
Nina mablanketi mawili. Fatma, usidhani shuka za Mombasa zitatosha. Juni mpaka Agosti huku kuna baridi kweli, alfajiri inashuka hadi nyuzi 12, siku nyingine hata 10. Sakafu ya simiti ndiyo inayowaumiza watoto. Tandika zulia au mkeka mzito, soksi usiku, na mtoto avae nguo nyepesi mbili tatu moja juu ya nyingine kuliko sweta moja nene. Jua likitoka saa sita unamvua moja, hatoki jasho likamkaukia mwilini.

Fatma (Mama Swaleh) 20:10
Asante Hadija. Tunakuja na jiko letu la makaa, lile kubwa la Bibi. Litapasha sebule.

Bakari 20:11
Na maharagwe ya nazi juu yake! Nitahamia huko na mimi 😂😂

Mama Mdogo Rukia 20:16
Maharagwe ya huku mtajifunza upya wanangu. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Unayaona yanatokota lakini moto ule hayana. Roweka usiku kucha, mwaga yale maji, kisha tia kwenye sufuria ya presha. Bila presha utamaliza gesi na bado yanagonga meno. Wali nao uongeze maji kidogo, moto mdogo, ufunike usifunuefunue.

Fatma (Mama Swaleh) 20:18
Na mahamri Mama Mdogo?

Mama Mdogo Rukia 20:23
Unga Julai hauumuki upesi. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, kalisha bakuli la unga juu ya sufuria hiyo, lifunike kwa taulo. Lipe saa mbili, hata tatu. Usizidishe hamira kwa haraka zako, yatanuka chachu. Nazi utazipata soko la Marikiti, ila zimesafiri. Itikise usikie maji, tazama yale macho matatu. Likiwepo lenye unyevu au ukungu irudishe. Mbuzi ya kukunia njoo nayo.

Hadija 20:25
Jamani, hilo la jiko la makaa tulirudie. Fatma, usipande nalo ghorofani.

Shemeji Rashid 20:26
Khalfan kazi ni wapi, Viwandani?

Da Zaina 20:27
Viwandani, karibu na Barabara ya Likoni.

Bakari 20:27
Mtu ametoka Likoni ya Mombasa kwenda Likoni ya Nairobi 😂 Feri iko?

Shemeji Rashid 20:28
Feri ni matatu 😂 Na mvua ikinyesha nauli inapanda, hata mara mbili. Atembee na noti za hamsini na mia, aulize bei kabla ya kupanda. Matatu za Umoja ni namba 35/60.

Mwanaidi 20:28
😂😂😂

Hadija 20:40
Nimeandika kuhusu jiko, sijui kama mmeona.

Da Zaina 20:41
Tutafika huko. Mchango kwanza. Hakuna hata mmoja aliyetaja kiasi.

Jumatatu

Juma Fundi 06:50
Samahani nilikuwa kazini. Lori nitapokea. Da Zaina, maji ya hilo jengo ni ya kanjo, yaani ya jiji, au ya kisima?

Da Zaina 06:52
Keateka, mwangalizi wa jengo, anasema yote mawili. Ya kanjo ni kwa mgao, siku mbili kwa wiki. Siku nyingine anafungulia kisima.

Juma Fundi 07:05
Basi sikilizeni vizuri hapa. Maji ya kanjo, ambayo mengi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ndiyo ya kunywa na kupikia. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Hainuki wala haionekani, na ukichemsha haitoki. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Meno ya mtoto ambayo bado yanaumbwa, tuseme chini ya miaka minane, yanaota na madoa ya kahawia yasiyosugulika. Chujio la kawaida la makaa haliiondoi. Ya kisima muyatumie kufulia, kupigia deki na chooni.

Juma Fundi 07:09
Hesabu ya kuhifadhi: watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku, siku tatu bila mgao, ni lita 300. Pipa la lita 210 na mitungi mitano ya 20 inatosha. Pipa liwe na mfuniko na likae karibu na ukuta, si katikati ya chumba, maana likijaa lina uzito wa kilo 210. Na umeme ukikatika pampu haipandishi maji kwenye tangi la juu, kwa hiyo siku ya mgao jazeni mapema, msingoje jioni.

Da Zaina 07:10
Pipa nani analo?

Da Zaina 12:44
Pipa nani analo??

Mwanaidi 13:30
Langu linavuja.

Juma Fundi 13:41
La kwako limepasuka chini, halizibiki. Tutanunua moja. Halafu shawa ya umeme: kwa kuwa bomba la bafuni litapitisha maji ya kisima, mnunue ile ya maji ya chumvi. Ile ya kawaida koili yake iko wazi, maji ya chumvi yanapitisha umeme na mtu anapigwa shoti. Waya usiwe chini ya 4 mm², uwe na swichi yake yenyewe na kikatio chake, na iwe na waya wa ardhini. Nikikuta haina nitavuta, msioge kabla. Mkitaka maji yawe moto zaidi punguzeni bomba. Ukilifungua lote yanapita haraka yakiwa baridi, watu wanadhani shawa imekufa.

Khalfan (Baba Swaleh) 21:15
Shukran Juma. Na tokeni za umeme?

Juma Fundi 21:20
Lipa kwa M-Pesa, Paybill 888880, akaunti ni namba ya mita. Kabla ya kulipa kodi hakikisheni mita ni ya nyumba yenu na haina deni la mpangaji aliyetoka. Deni linafuata mita, kila ukinunua tokeni inakatwa sehemu. Na pigeni picha kuta, masinki, bomba na kioo cha kila dirisha siku mnapewa funguo, mumtumie keateka siku hiyo hiyo. Amana ikija kurudishwa ndizo zitakazowatetea.

Da Zaina 21:24
Vizuri. Sasa vyombo. Kabati la Bibi liko kwangu, naona afadhali liende kwa Fatma, wana sebule kubwa.

Mjomba Seif (Msa) 21:31
Kabati la Bibi lilitoka hapa zima.

Da Zaina 21:32
Mjomba, tumeshayamaliza hayo.

Mjomba Seif (Msa) 21:33
Nani aliyamaliza? Nilisema lisitoke. Likatoka. Likapasuka mlango wa kulia. Na pesa ya lori ile mpaka leo.

Da Zaina 21:33
Ujumbe huu umefutwa

Mwanaidi 21:35
Jamani watoto wamo humu.

Mjomba Seif (Msa) 21:48
Namwambia Fatma, si mwingine. Mbao iliyokaa pwani imeshiba unyevu. Ukiipeleka Nairobi, hewa kavu inanyonya, mbao inasinyaa kwa upana na kupasuka pale ilipobanwa na misumari au gundi. Kitanda na meza zenu visikae dirishani wala kwenye jua wiki za mwanzo. Pakeni mafuta ya linsidi kabla ya kupakia, hasa kwenye ncha za mbao, maana huko ndiko unyevu unakotokea kwa kasi. Ufa ukitokea usiujaze gundi siku hiyo. Subiri miezi mitatu minne mbao itulie, ndipo uzibe. Huyo aliyeziba kabati la Bibi aliziba mapema.

Jumanne

Ami Omari 05:48
Assalam alaikum warahmatullah. Nimesoma yote baada ya swala. Jiko la makaa lisivuke mlango wa nyumba hiyo. Si sebuleni, si jikoni usiku, wala si kwa dakika tano. Hatutazika tena kama tulivyozika Pangani. Fatma, umenisikia?

Fatma (Mama Swaleh) 05:55
Shikamoo Ami. Nimesikia. Jiko linabaki Mombasa.

Khalfan (Baba Swaleh) 05:57
Tumesikia Ami.

Mjomba Seif (Msa) 06:10
Nitakuja kulichukua.

Hadija 06:34
Ahsante Ami. Nielezee ili wote tujue, hata sisi wa zamani. Makaa yakiwaka ndani pasipo hewa ya kutosha yanatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na yale makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayowadanganya watu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi, na aliyelala haamki. Watu wawili watatu nyumbani wakiumwa kichwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Mwanya wa dirisha hautoshi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo ndani ya kitanda inatosha kabisa kwa watoto, mradi kifuniko kimekazwa.

Hadija 06:38
La pili: homa yoyote wiki za kwanza, mwambieni daktari mmetoka pwani. Huku malaria ni chache, mtu anaweza kutibiwa mafua kumbe ni malaria mliyokuja nayo. Na mkirudi Mombasa Desemba laleni ndani ya chandarua. Mwili ukikaa mbali na malaria unapoteza ule uzoefu.

Mwalimu Rehema 16:20
Nimechelewa, tulikuwa na mitihani. Mmepanga blanketi na pipa, watoto je? Juni ni katikati ya muhula wa pili. Shule ya Mombasa lazima iwaachilie kwenye mfumo wa wizara ndipo shule ya huku iwaingize; kama haijawaachilia, mtoto anakaa darasani lakini kwenye rejista hayupo. Mtoto wa gredi ya sita ndiye ninayemhofia zaidi, kazi zake za tathmini ziko kule na mtihani ni mwishoni mwa mwaka. Maoni yangu: Khalfan aje na lori, Fatma na watoto wabaki mpaka shule zifungwe Agosti. Baridi nayo itakuwa inaisha.

Da Zaina 16:22
Rehema, nyumba imelipiwa kwa hesabu ya familia nzima.

Mwalimu Rehema 16:25
Nyumba haifanyi mtihani, Da Zaina. Wakija sasa au Agosti, waje na nakala za vyeti vya kuzaliwa, namba ya UPI (ya utambulisho wa mwanafunzi) ya kila mtoto, namba ya tathmini ya huyo mkubwa na ripoti za muhula uliopita. Na barua ya kuachiliwa wachukue mkononi, wasiahidiwe itatumwa.

Fatma (Mama Swaleh) 16:40
Mimi ningependa tukae pamoja. Lakini Swaleh amelia kuhusu shule yake.

Da Zaina 16:41
Ami, tuamulie.

Jumatano

Da Zaina 09:00
Ami?

Ami Omari 13:12
Hilo ni la mume na mke. Nimesema la jiko.

Khalfan (Baba Swaleh) 20:47
Samahani jamani, siku mbili hizi nilikuwa nikizunguka na malori. Bei zimepanda. Malori yanayotoka Mombasa yana mzigo wa bandarini, yanayorudi ndiyo matupu, kwa hiyo kupandisha ni ghali kuliko kushusha. Nimepata kanta, lori dogo, ila mwenyewe anataka kupakia Alhamisi, si Ijumaa. Ataingia Umoja Ijumaa asubuhi.

Da Zaina 20:48
Ijumaa watu wako kazini!

Juma Fundi 20:55
Mimi Ijumaa mpaka saa tisa siwezi. Khalfan, jokofu lisafiri wima, limefungwa kamba ubavuni mwa kanta. Likifika liache saa kadhaa kabla ya kulichomeka, na kama lililazwa njiani liache siku nzima, mafuta ya kompresa yarudi chini. Misumari ya kitanda tia kwenye mfuko, ufunge kwenye kichwa cha kitanda hicho hicho. Gesi ya mtungi msiiweke chini ya turubai pamoja na magodoro, na msipande nayo treni, hairuhusiwi. Bora muuze hiyo, mnunue huku.

Shemeji Rashid 21:02
Kama Fatma anakuja kwa treni, achukue ya asubuhi kutoka stesheni ya Miritini, Mombasa, waingie stesheni ya Syokimau, Nairobi, mchana. Usiku na watoto na mizigo ni taabu. Wakate tikiti mapema kwa *639#, viti vinaisha. Nitawapokea mimi, nina gari.

Da Zaina 21:03
Siku gani sasa? Ndiyo hiyo nauliza.

Mwanaidi 21:10
Nimetuma elfu moja ya mchango.

Da Zaina 21:11
Mungu akubariki Mwanaidi. Wa pili nani?

Bakari 21:30
Nimetuma na mimi. Ijumaa sina ruhusa kazini, Jumamosi niko siku nzima. Jokofu nitabeba.

Mjomba Seif (Msa) 21:44
Nitawapakilia huku Alhamisi. Mbao nitazipaka mafuta mwenyewe. Kabati likae hapo lilipo, lisihamishwe tena.

Da Zaina 21:52
Sawa Mjomba, kabati linabaki. Khalfan, mwambie wa kanta asubiri mpaka Ijumaa usiku, muulize anaongeza ngapi. Fatma, watoto wanakuja au wanabaki mpaka Agosti? Nijue kesho kabla ya adhuhuri, keateka anataka idadi ya watu ndipo atoe funguo.

Fatma (Mama Swaleh) 22:15
Tunazungumza na Khalfan sasa hivi, Da Zaina. Nitakuandikia.