Kesi ya wizi ipimwe kwa bei ya kilichoibwa?

Mwanzisha mada: Wakuu, nchi nyingi ukubwa wa shtaka la wizi hufuata thamani ya mali. California, tangu 2014, wizi usiozidi dola 950 kwa kawaida ni kosa dogo. Ukivuka hapo waweza kushtakiwa kwa kosa kubwa. Mimi naona si haki. Mwizi anabeba asichokijua bei, halafu mwenye mali akifika polisi anaongeza chumvi.

Fundi Cherehani: Hapo kwenye chumvi umenigusa pabaya. Niliibiwa cherehani ya kukanyaga, gurudumu limelika, mkanda nimeuunga kwa uzi. Nikaulizwa thamani. Nikataja ya mpya, maana nikitaka kurudi kazini nitanunua mpya. Hiyo ndiyo chumvi?

Mpenda Sheria: Pole fundi. Lakini mahakama nyingi huangalia bei ya soko siku ile kitu kilipoibwa, kwa hali kiliyokuwa nayo. Iliyolika haiuzwi bei ya mpya.

Fundi Cherehani: Kwa hiyo aliyenikalisha miezi minne bila kazi ana kosa dogo, na aliyeiba simu ya tajiri, ambaye kesho yake kanunua nyingine, ndiye mwizi mkubwa? Nijibu wewe uliyesoma.

Babu wa Kijiweni: Uingereza ya zamani mpaka ulikuwa pensi kadhaa hivi, zile sarafu zao ndogo. Ukizidi, kitanzi. Wazee wa baraza wa kule wakawa wanashusha thamani makusudi, mtu asinyongwe.

Mpenda Sheria: Pensi 12, babu. Mgawanyo huo wa wizi mkubwa na mdogo ulifutwa 1827.

Mwanzisha mada: Si ndiyo hoja yangu? Thamani inachezewa tangu enzi hizo!

Fundi Cherehani: Wale waliokoa roho ya mtu. Mimi nilitaja bei ya kunirudisha kazini. Usituweke kapu moja, na neno lako la chumvi bado hujalifuta.

Mwanzisha mada: Sikukutaja wewe, fundi.

Fundi Cherehani: Ulisema wenye mali. Mimi ni nani?

Mama Vitenge: Jamani, hata mimi ni mshonaji. Fundi, mkanda wa kuunga kwa uzi ulikuwa unavuta kweli? Wangu huteleza nikifika kwenye jinzi.

Fundi Cherehani: Ulivuta, mama. Suruali nne kwa siku, za jinzi zikiwemo. Waje waniambie soko linanunua hiyo kwa bei gani.