Mbwa wangu hasubiri fesanti akianza kukimbia: nifanye nini kabla ya Oktoba?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi South Dakota, Marekani, ambako msimu wa kuwinda fesanti huanza Oktoba, na nina mbwa jike wa aina ya German Shorthaired Pointer (mbwa wa kuwinda anayesimama kumwonyesha mwindaji ndege alipo), mwenye umri wa miezi 14. Katika mazoezi ya njiwa, akiipata harufu husimama papo hapo, mguu mmoja juu na mkia umenyooka, akanisubiri mpaka nifike. Kwa fesanti wa porini (ndege mwenye mkia mrefu, wa jamii ya kuku) mambo ni tofauti: ndege akianza kukimbia chini ya nyasi, naye humfukuza, na ndege huruka nikiwa bado mbali, nje ya masafa ya bunduki ya marisau. Jirani amenishauri nimvalishe kola ya umeme. Mnasemaje?

Jibu
Ndugu yangu, kola iweke kando kwanza. Mbwa ambaye hajaizoea amri ya kusimama, akipigwa umeme wakati pua yake iko kwenye harufu, huweza kuyahusisha maumivu na ndege mwenyewe, na baadaye utamwona akiikwepa harufu. Rudi kwenye kamba ya mita 10 hivi na kisanduku cha kurushia njiwa kinachofunguliwa kwa rimoti. Mpitishe huku upepo ukivuma kutoka ubavuni kilipo kisanduku, ili harufu imfikie ghafla. Akisimama, tulia, akipiga hata hatua moja kukielekea, mwachie njiwa aende zake, bila kufyatua risasi wala kumkaripia. Ataona mwenyewe kwamba kusogea ndiko kunakomkosesha ndege.

Jibu
Porini pia kanuni iwe hiyohiyo: ndege aliyefurushwa na mbwa asipigwe hata kama ni jogoo (dume, anayeruhusiwa kuwindwa) na yuko karibu, kwa maana ukimwangusha umemtuza mbwa kwa kosa lake. Isitoshe, mbwa anayemkimbilia ndege anayeruka chinichini yuko kwenye njia ya marisau.

Jibu
Ya njiwa nakubali, ila msimfanye mbwa huyu awe sanamu. Kwale wengi hujibanza. Fesanti hutumia miguu, na mbwa aliyekatazwa kabisa kusogea atabaki ameelekeza pua mahali ambapo ndege aliondoka zamani. Ndege akitembea, mbwa mzuri humfuata polepole kwa tahadhari, kisha husimama tena. Kinachokatazwa ni kumkurupua. Tofauti hiyo njiwa wa kisandukuni hawezi kuifundisha, hivyo baada ya mazoezi mpeleke kwa fesanti wa porini mara nyingi kadiri sheria inavyoruhusu. Na wewe usimfuate kwa nyuma. Mbwa akisimama, zunguka mbali kidogo uje kutoka mbele, kwa kuwa fesanti aliyebanwa kati ya mtu na mbwa mara nyingi hujibanza chini, akaruka karibu kiasi cha kukuwezesha kuhakikisha ni jogoo kabla ya kufyatua. Huko South Dakota kuwapiga fesanti majike hakuruhusiwi.