Kuuliza kilichomo kwenye unga ni kosa siku hizi? Nimedhalilishwa dukani LEO

Mama Kibibi (mleta uzi):
Wanajamvi, nimetoka dukani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mwenye duka, mlioko Houston wote mnamjua. Simtaji jina wala mtaa, mnamjua. Yule ambaye dagaa wake ni ghali utadhani wamekuja na viza.

Nimeuliza swali moja. Unga wa ngano anaoutoa kwenye magunia ya wenye viwanda vya mikate, akaupima kwenye mifuko ya nailoni isiyo na herufi hata moja, una bromati au hauna? Basi. Sikuomba punguzo, sikuomba kukopa.

Akanipokonya mfuko. AKANIPOKONYA! Mkono wangu ulikuwa bado juu yake. Akautupa chini ya kaunta, akasema kwa sauti iliyofika Dallas: "Mama, hapa ni dukani, si maabara. Kama unaogopa kufa, acha kula."

Acha kula! Mimi, mtu mzima, mbele ya wanangu. Na foleni nzima ikacheka.

Potasiamu bromati ni ya kukaza donge ili mkate uumuke vizuri. Wanyama waliolishwa wakati wa utafiti walipata uvimbe wa figo na tezi ya shingo, na shirika la saratani la kimataifa limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, waliwaomba waokaji waiache kwa hiari yao mwaka 1991. Kwa hiari! Hapa Texas penyewe, gavana Abbott alisaini sheria ya SB 25 Juni 2025: vyakula vyenye kiambato chochote kati ya 44 viandikwe onyo kwamba Australia, Kanada, Umoja wa Ulaya au Uingereza hawakipendekezi kuliwa na binadamu. Unga wenye bromati umo kwenye orodha. Faini inafika dola 50,000 kwa siku kwa kila bidhaa. Sasa gavana anataka tujue, mwenye duka anasema acha kula?

Na ule mkono wake ulivyokuja kwenye mfuko wangu! Hata mwizi wa Kariakoo huvizia kwanza.

Mkwezi wa Tanga:
Pole sana dada. Lakini unga unapimwa kwenye nailoni halafu unatafuta lebo? Lebo angeitoa wapi, mfukoni mwa suruali?

Mama Kibibi:
Gunia alilopimia lina maandishi. Angenigeuzia nisome, ningemaliza na kuondoka. Badala yake akanipokonya.

Kuku wa Barafu:
Nilikuwepo nyuma yako. Swali halikuwa moja. Uliuliza la unga, ukahamia rangi za juisi, ukamsomea na gavana. Kuku wangu ameyeyuka nimemshika mkononi. Na ndiyo, nilicheka.

Mama Kibibi:
Kumbe ni wewe! La juisi lilikuja BAADA ya kupokonywa. Mtu ameshakuambia acha kula, utanyamaza?

Bwana Kifungu:
Mleta uzi hajasoma sheria vizuri. SB 25 inahusu lebo zilizotengenezwa au kupewa hakimiliki kuanzia 1 Januari 2027. Mfuko wa nailoni usio na lebo, sheria haina habari nao. Na onyo ni la kumjulisha mlaji tu, bidhaa haijapigwa marufuku. Ukitaka marufuku tazama California.

Bi Mwanamvua wa Sacramento:
Nani kaita California? Huku gavana wetu Newsom alisaini Oktoba 2023 marufuku ya viambato vinne vya chakula: bromati, mafuta ya mboga yenye bromini, propilparabeni na rangi nyekundu namba 3, vyote mwisho 1 Januari 2027. Mwaka uliofuata wakasaini ya kutoa rangi sita kwenye vyakula vya shule za umma. Hiyo nyekundu namba 3 serikali kuu iliikataza kwenye vipodozi 1990, lakini kibali chake cha chakula kikafutwa Januari 2025. Miaka yote hiyo haifai kupakwa mdomoni ila kumezwa inafaa. Watoto wetu hao!

Mkata Miwa:
California hakuna bromati kwa sababu ukishalipa kodi ya nyumba hubaki na hela ya mkate.

Shangazi wa Charleston:
West Virginia rangi saba zimetolewa kwenye milo ya shule tangu 1 Agosti 2025. Mjukuu wangu ananung'unika eti chakula hakina rangi. Nikamwambia kina chakula.

Mzee wa Toronto:
Kanada bromati iliondoka 1994. Sisi huku tatizo letu si unga, ni yule wa kusafirisha mapipa ya mizigo kwenda nyumbani. Mnamjua. Pipa langu la Mombasa amekaa nalo mpaka nguo za mtoto zimekuwa za mdogo wake.

Mkwezi wa Tanga:
YULE YULE? Mzee, yangu yalifika yamefunguliwa, sukari imemwagika kwenye viatu!

Kuku wa Barafu:
Mimi aliniambia kontena liko baharini. Nikampigia tena, liko baharini. Bahari gani hiyo isiyo na ufukwe?

Mama Kibibi:
Jamani, naomba turudi kwenye unga. Mtu amenipokonya mfuko mkononi.

Bi Mwanamvua wa Sacramento:
Dada, tunakuja. Huyo wa mapipa bado anachukua malipo yote kabla ya kupakia?

Mzee wa Toronto:
Yote, taslimu, na risiti anakuandikia nyuma ya bahasha.

Bwana Kifungu:
Mwenye risiti hiyo ya bahasha aihifadhi. Mlioko Texas, kesi za madai hadi dola 20,000 zinasikilizwa na mahakama ya hakimu wa amani, wala huhitaji wakili.

Mkwezi wa Tanga:
Wasimamizi, tufungulieni uzi wa mapipa. Na nani anajua wa kuaminika wa kwenda Tanga, kabla ya Ramadhani?