Mrejesho: mteja wa kwanza kapatikana, jedwali limekubali
Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini jedwali langu la PHP (lugha ya kutengenezea tovuti) linaonyesha wateja 11 wakati kwenye databesi wako 12, yule wa kwanza haonekani kabisa. Kumbe mchawi nilikuwa mwenyewe, kabla ya lupu ya while (kodi inayojirudia kwa kila mteja) niliita mysqli_fetch_assoc (inayochukua mteja anayefuata kila ikiitwa) mara moja eti nihakikishe data inakuja, hiyo ikammeza wa kwanza halafu while ikaanzia wa pili, nimefuta huo mstari na wote 12 wametokea. Aliyesema nicheki </tr> (alama ya HTML ya kufunga mstari wa jedwali) naye hakukosea, nilikuwa naiweka nje ya lupu ila brauza ilikuwa inanisitiri tu kwa kuifunga yenyewe. Na majina sasa napitisha kwenye htmlspecialchars (inayofanya alama kama za HTML zisomwe kama maandishi tu) kabla ya kuyatoa kwenye ukurasa kwa echo. Asanteni sana aisee, siku mbili nilikuwa nalaumu seva bure.