Naomba ushauri: Prius iliwasha pembetatu nyekundu kwenye mlima wa Kapchorwa, je, ni lazima ninunue betri kubwa?

Mwalimu wa Mukono

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninamiliki Toyota Prius ya mwaka 2011, ile ya injini ya 1.8, niliyoinunua katika bondi moja (yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje) hapa Kampala. Kazi yake kubwa ni kunifikisha mjini kila asubuhi kwa barabara ya Jinja, na foleni ya Bweyogerere ndiyo iliyonifanya nichague haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kwa sababu gari la kawaida hunywa petroli hata likiwa limesimama. Katika hilo sina lalamiko lolote.

Tatizo lilijitokeza tulipokwenda Mbale, kisha tukapanda kuelekea Kapchorwa, watu wazima watano pamoja na mizigo, mchana wa jua kali. Feni iliyo upande wa kiti cha nyuma ilianza kuvuma kwa nguvu, na kabla hatujafika Sipi ikawaka pembetatu nyekundu ya onyo kwenye dashibodi na gari likapungua nguvu. Tulisimama kivulini hadi likapoa, nikaliwasha upya, likaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba wakati wa kushuka injini ilinguruma sana, ingawa mguu wangu haukuwa kwenye mafuta.

Fundi mmoja mjini amelitazama kwa macho tu, bila kuunganisha kompyuta, akasema betri kubwa imekufa na kwamba nimlipe nusu ya fedha ili aagize nyingine. Naomba wenye uzoefu mnishauri kabla sijatoa fedha hizo. Pia ningependa kujua matunzo yanayolihusu gari hili hasa, kwa kuwa likizo hulipeleka kijijini Tororo kwenye barabara za murramu.

Fundi wa Ndeeba

Mwalimu, usilipe chochote kwanza. Betri iliyokufa haipumziki kivulini ikafufuka na kukurudisha Mukono bila taa nyingine. Maelezo yako yananionyesha betri iliyozidiwa na joto, na hilo mara nyingi huanzia kwenye njia ya hewa.

Betri kubwa ya Prius hiyo iko nyuma ya kiti cha nyuma cha abiria, na hupozwa na hewa ya ndani ya gari, ambayo huvutwa na feni kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti hicho. Gari linalokwenda murramu hukusanya vumbi ndani ya feni hiyo mpaka mapanga yake yanavaa koti la udongo, na ukiongeza nywele za mbwa na pamba za viti, hewa inayopita ni ndogo kabisa. Juu ya hayo watu huegemeza mifuko ya matoke au begi la mtoto hapohapo kwenye tundu. Siku ya mlima, betri inatoa umeme mwingi bila kupumua, kompyuta inaona joto, inaongeza kasi ya feni, na isipotosha inapunguza nguvu ili kuilinda. Betri za namna hii, za nikeli, huchakaa haraka sana zikizoea joto la zaidi ya nyuzi 45, kwa hiyo usafi wa feni si urembo. Kwa gari la murramu mimi huifungua na kuisafisha kila mwaka, na nimeshawahi kukuta kiota cha panya humo.

Kuhusu mngurumo wa kushuka, huo si ugonjwa. Unaposhuka mteremko mrefu, mota hugeuka jenereta na kuijaza betri. Ikishajaa, umeme hauna pa kwenda, ndipo mfumo unapoizungusha injini bila kuchoma mafuta ili ikusaidie kushika gari. Weka gia kwenye B tangu mwanzo wa mteremko na utazitunza breki zako vizuri zaidi.

Baada ya kusafisha feni, mtafute mtu mwenye kompyuta inayosoma mfumo wa haibridi, kwa sababu mashine nyingi ndogo husoma injini peke yake. Akikuta namba ya kosa P0A80, hiyo ndiyo inayoishtaki betri yenyewe. Akikuta P0A93, kosa liko kwenye upozaji wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota, na hapo kinachoshukiwa kwanza ni pampu ndogo ya kulanti (kimiminika cha kupozea), ambayo haikaribii kabisa bei ya betri. Fundi anayeshindwa kukuonyesha namba hizo kwenye kioo hana haki ya kudai fedha za betri.

Hajati wa Bombo

Ninaongezea kwa upande wa betri ndogo, ile ya volti 12, ambayo kwa maoni yangu imewaibia watu fedha nyingi zaidi kuliko ile kubwa. Katika Prius ya mwalimu imo ndani ya buti, upande wa kulia. Kazi yake ni kuamsha kompyuta tu, kwa kuwa gari hili halina stata ya kawaida, kwa hiyo ikichoka hutasikia ule mlio wa kukwama wa magari mengine. Utaona taa nyingi za dashibodi zikiwaka ovyo pamoja, neno READY linakataa kutokea, na fundi asiyejua ataanza kukuhesabia bei ya betri kubwa. Ipime kwa mita gari likiwa limelala usiku kucha: ikikaribia 12.6 ni nzima, ikiwa chini ya 12 acha kuhangaikia kwingine na uibadilishe. Nunua ile iliyofungwa yenye bomba la kutolea hewa nje, maana inakaa ndani ya gari pamoja na watoto wetu. Usikubali kuwekewa betri ya kawaida ya majimaji kwa sababu tu ni rahisi.

Mwalimu, ukisafiri kwa basi na kuliacha gari majuma kadhaa, mwombe mtu wa nyumbani aliwashe hadi READY na kuliacha hivyo kwa saa moja mara kwa mara. Kuliwasha kwa dakika mbili kunamaliza umeme kuliko kunavyouongeza.

Mzee wa Tororo

Wanangu, mimi nina ushauri mfupi: liuze ungali na bahati. Sheria ya 2018 imekataza kuingiza nchini Uganda magari yenye miaka 15 au zaidi, lakini gari la miaka 12 linaingia kihalali, na betri yake imekuja na umri huohuo. Huku kwetu hakuna fundi wa haibridi. Toyota Premio, gari la petroli la kawaida, nitaifungua chini ya mwembe wowote.

Fundi wa Ndeeba

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwa mtu ambaye maisha yake yote ni barabara kuu na kijiji, kwa kuwa haibridi hupata faida yake kwenye kusimama na kuondoka, na kwenye safari ndefu ya mwendo mmoja tofauti ya mafuta hupungua sana. Ila mwalimu yuko kwenye foleni kila siku, na hapo gari hili linamrudishia fedha. Umri wa betri ni hoja ya kweli, ndiyo maana ninasisitiza kupima.

Na kwa kuwa mzee ametaja mwembe, niseme wazi: nyaya za rangi ya machungwa si za kuguswa chini ya mwembe. Betri hiyo ina vipande 28 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla zaidi ya volti 200, na inveta huzipandisha zaidi. Hata baada ya kuchomoa plagi ya usalama, inabidi kusubiri dakika kumi ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe.

Dereva wa Mbarara

Nimeendesha haibridi kwa kazi ya kubeba wageni, na kuna tabia mbili za madereva wetu ambazo gari hili halizisamehe. Ya kwanza ni kuweka N kwenye foleni. Katika N betri haichajiwi kamwe, huku kiyoyozi, ambacho kinakwenda kwa umeme wa betri hiyohiyo, kinaendelea kuinyonya. Baki kwenye D ukikanyaga breki, au weka P. Ya pili ni kuendesha na taa ya petroli ikiwaka mpaka tone la mwisho. Petroli ikiisha gari litakubali kusogea kwa umeme kidogo, na dereva wetu, kwa kuwa hapendi kusukuma, ataikamua betri mpaka aidhuru.

Kiyoyozi nacho kina mtego wake. Kompresa yake ni ya umeme na hutumia oili maalumu isiyopitisha umeme, inayoitwa ND-11, lakini wajaza gesi wa barabarani humimina oili waliyozoea, na baadaye unaambiwa nyaya zinavuja umeme. Na likiharibika njiani, lipakizwe juu ya bredauni. Kulivuta magurudumu ya mbele yakiwa chini kunaizungusha mota.

Mwalimu wa Mukono

Nawashukuru nyote, pamoja na mzee wangu wa Tororo. Feni imefunguliwa, na vumbi lililotoka ni jekundu kama barabara ya kwetu. Tumepima kwa kompyuta: hakuna P0A80 wala P0A93 iliyobaki, lakini fundi mpya amenionyesha jozi 14 za betri, na jozi moja inashuka karibu volti moja kuliko wenzake ninapokanyaga mafuta kwa nguvu. Betri ndogo ilikuwa 11.8, nimeibadilisha. Anapendekeza tubadilishe vipande viwili tu vya jozi hiyo. Je, nikubali?

Fundi wa Ndeeba

Sasa tunazungumza juu ya kitu kilichopimwa. Jibu langu ni kwamba usibadilishe leo. Endesha kwa miezi michache feni ikiwa safi, kisha pima tena, kwa sababu joto lililokuwapo huenda limechangia kulegea huko, na pia ncha za vyuma vinavyounganisha vipande huota kutu ya kijani ambayo, ikisafishwa, hurudisha sehemu ya volti iliyopotea. Jozi ikizidi kushuka, vipande viwili vilivyotumika vitakusogeza mbele kwa muda, lakini vilivyobaki vina umri mmoja na vitafuatana kuanguka, kila mara ukilipa ufundi upya. Anza basi kuweka akiba ya betri nzima, na utakapoinunua dai kupimiwa kila jozi mbele yako na upewe dhamana ya maandishi.

Kwa injini hiyo ya 1.8 nina hofu nyingine kubwa kuliko betri. Njia ya moshi unaorudishwa kwenye injini huziba kwa masizi, joto hupanda, na gaskiti ya silinda hedi huungua. Gari likitetemeka na kugonga asubuhi linapowaka kwa mara ya kwanza, au kulanti ikipungua bila kuvuja popote, usiongeze maji na kuendelea, lipeleke likafunguliwe. Agiza masizi hayo yasafishwe hata kama dalili hazijaonekana, tumia oili ya 0W-20 na uibadilishe mapema, kulanti iwe ya rangi ya waridi ya Toyota na si maji ya bomba, na kumbuka kwamba inveta ina tanki lake dogo la kulanti ambalo watu wengi hawajawahi kulifungua kifuniko.

Hajati wa Bombo

Na mvua zikianza, mwalimu, usiifuate teksi kwenye maji ya mafuriko ya Bwaise au pale Clock Tower, Kampala. Betri iko chini kuliko unavyodhani.