Dunia ya mvuke dhidi ya wavamizi wa anga: tungeshika au tungechemka?

Kanieneo: Wakuu, salaam. Chukueni dunia ambayo injini ya petroli haikupata soko. Ni 1914, kila kitu kinakwenda kwa stimu. Wavamizi kutoka nje ya dunia wanashuka pwani yetu, kati ya Lamu na Mtwara, na mashine zinazotembea na kupiga mwali wa joto. Binadamu anashika, yaani anastahimili bila kushindwa, mwezi mmoja au hashiki? Masharti: silaha ziwe zilizokuwepo kweli, na asitokee mtu wa kusema watakufa kwa mafua. Mimi nasema tunashika. Jeshi la stimu halingoji meli ya mafuta. Kuni zipo, maji yapo.

Mtutu: Mkuu, kuni na maji si tatizo, tatizo ni muda. Septemba 20, 1914 manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikishughulikiwa boila na mashine. Königsberg ya Mjerumani ikatokea alfajiri, ikaipiga papo hapo ilipo. Na huyo hakuwa na mwali wa joto, alikuwa na mizinga ya sentimita 10.5 tu. Boila ya meli ya mirija ya moto, yaani moto ndani na maji nje, inataka saa 12 hadi 24 kutoka baridi mpaka presha ya kazi. Teknolojia ya kuchemshia chai hiyo.

Mchochea Moto: Ya kuchemshia chai? Mitambo ya umeme ya Olkaria, Kenya, inazungushwa na nini, maombi? Ni mvuke. Umeme unaochajia hiyo simu yako, nusu ya dunia inaupata kwa kuchemsha maji.

Halafu hizo saa 24 umezikariri bila kujua sababu. Maji ya chini ya tanuru hubaki baridi wakati ya juu yanatokota. Bamba la juu linatanuka, la chini bado, na mirija inaanza kuvuja pale ilipopachikwa kwenye bamba. Ndiyo maana fundi hana haraka. Weka boila ya mirija ya maji, yaani maji ndani na moto nje, maji ni machache na yanazunguka: saa moja au mbili una presha. Na vitani hakuna anayezima moto wote. Unaulaza: unasukuma makaa nyuma ya wavu, unafunika kwa makaa mabichi yaliyoloweshwa, unabana hewa. Kengele ikilia unachokoa, unafungua hewa, unaondoka. Pegasus ilikutwa kwenye matengenezo. Hata meli ya dizeli iliyofunguliwa pistoni haiendi popote.

Bi Darubini: Mnagombania birika na mvamizi hajashuka bado. Kwa nini ashuke? Jiwe la tani moja likiingia kwa kilomita 11 kwa sekunde lina nguvu ya takriban tani 14 za kilipuzi cha TNT. Juni 30, 1908 kule Tunguska, Siberia, kitu kilipasuka angani kikalaza msitu wa kilomita za mraba kama 2,000, na hakuna aliyekituma. Mzinga wenu wa inchi 12 ukielekezwa juu wima, kombora linatoka kwa mita 800 hivi kwa sekunde. Hata mngeondoa hewa yote njiani, linaishia kilomita 32 au 33 na kurudi kwenu.

Kanieneo: Bi Darubini, wanataka ardhi, si mashimo. Lazima washuke.

Bi Darubini: Basi umebadilisha swali. Mwanzo ulisema "wavamizi", sasa ni wapangaji.

Chuma Chakavu: Acheni dharau kwa stimu. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ni ya 1913, ikazamishwa miaka kumi, ikafufuliwa na injini yake ileile ya mvuke, na inayo mpaka leo. Mvamizi gani ataweza chuma cha namna hiyo?

Mchochea Moto: Hapa na mimi nakukatalia, ingawa uko upande wangu. Mpaka leo? Stimu ilitolewa miaka ya 1970, ikafungwa dizeli. Na si miaka kumi. Ilizamishwa Julai 26, 1916 ikiitwa Goetzen, Wabelgiji wakaiinua ikazama tena, Waingereza wakaipandisha 1924, ikarudi kazini 1927.

Chuma Chakavu: Miaka minane na miaka kumi tofauti yake nini, mkuu? Hoja ni kwamba ilifufuka.

Mchochea Moto: Ilifufuka kwa sababu mafundi wa Kijerumani waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha. Si uchawi wa chuma. Grisi inakaa kati ya chuma na maji yenye oksijeni. Bila hiyo nyuso zilizosagwa laini, kama silinda na beringi za krenki, zinakula kutu mpaka pistoni inashikana.

Mita Moja: Mmesahau reli. Garati za daraja la 59 za Afrika Mashariki, zile injini kubwa za treni za mvuke, zilikuwa na uzito wa tani 252 kwenye reli ya upana wa mita moja. Moja bado ipo makumbusho ya reli Nairobi. Fungia mizinga juu yake, mvamizi atatafuta pa kupitia.

Mtutu: Garati za 59 ni za miaka ya 1950, na zilichoma mafuta mazito. Mwenye uzi amesema 1914. Umechemka.

Mita Moja: Nimetoa mfano wa uzito, sijatoa tarehe. Wewe kazi yako kusahihisha watu tu. Hujasema mwali wa joto unafanya nini kwa boila.

Mtutu: Nasema sasa. Boila ya presha ya bar 10, yaani kama mara kumi ya presha ya hewa, ina maji ya nyuzi 180 hivi, ambayo hayachemki kwa sababu tu yamebanwa. Mwali ukilainisha bamba likapasuka, presha inaanguka na karibu asilimia 15 ya maji inageuka mvuke kwa mkupuo. Boila yenye maji tani mbili inatoa kilo 300 za mvuke, yaani mita za ujazo kama 500. Mvamizi hahitaji bomu. Umemletea.

Mchochea Moto: Hesabu sawa, ila joto liingie kwanza. Bamba lenye maji nyuma yake halifiki nyekundu haraka, maji yanabeba joto. Kilo moja kugeuka mvuke inameza megajuli 2.26. Hatari ni pale maji yanaposhuka chini ya paa la tanuru, au magamba ya chokaa yanapokaa kati ya bamba na maji. Kwa maji ya visima vya pwani, usipopuliza tope chini kila zamu magamba yanakuja upesi. Mvamizi asiue, chokaa itaua.

Kanieneo: Na wingu la mvuke lenyewe? Matone madogo yanatawanya mwanga. Tukifungua valvu zote kabla hajapiga, tuna ngao.

Mchochea Moto: Kwa dakika chache. Ukishaufungua mvuke wote huna ngao wala mwendo, na geji ya maji inakudanganya, maana maji yanavimba povu.

Bi Darubini: Na kaskazi inalipeperusha.

Mtutu: Turudi Königsberg, ndiyo mfano halisi wa kujificha na stimu. Baada ya Pegasus ilirudi delta ya Rufiji mashine mbovu, vipuri vikaburutwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam na kurudi. Manowari za Kiingereza Severn na Mersey, zinazoelea kwenye maji mafupi, ziliingia Julai 6, 1915 zikashindwa. Julai 11 zikafaulu, ndege ikiwa juu inawaambia makombora yanaangukia wapi. Ndege yenyewe ilipigwa ikaangukia mtoni. Kanieneo, hiyo ndege ilikuwa ya petroli. Katika dunia yako haipo. Mizinga yako ni kipofu.

Mchochea Moto: Ndege ya stimu iliruka. Ndugu wawili Besler, Oakland, California.

Mtutu: Mwaka?

Mchochea Moto: 1933.

Mtutu: Haya.

Kanieneo: Kuna maputo ya kamba. Puto la haidrojeni linapanda mita mia kadhaa, mtu juu na simu ya waya.

Bi Darubini: Haidrojeni, mbele ya mwali wa joto. Nani anajitolea kupanda?

Mita Moja: Mtutu mwenyewe, anaona makosa kutoka mbali.

Mtutu: Napanda, mradi wewe ukae kwenye Garati. Lakini angalieni: meli ilikufa, mizinga yake yote kumi ikatolewa, mingine ikatengenezewa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja ulifungwa juu ya Goetzen. Kwa hiyo kama kuna kushika mwezi, ni kwa mizinga iliyotawanywa vichakani inayovutwa kwa kamba, si kwa boila. Stimu iishie kusafirisha makombora usiku.

Mchochea Moto: Kwa hiyo stimu imo.

Mtutu: Kama punda.

Chuma Chakavu: Mmeona? Goetzen tena. Nilisema tangu mwanzo. Sasa mtu aniambie, hiyo grisi waliipaka mpaka ndani ya mirija ya boila au mashine tu?